Dada, usisubiri mama azidiwe

Pole kwa mama. Umeuliza kama ni lazima arudishiwe mapigo ya kawaida wakati hasikii dalili yoyote, na fibrilesheni ya atria (vyumba vya juu vya moyo kutetema na mapigo kwenda ovyo) imegunduliwa miezi miwili tu iliyopita. Mimi ningesema muulizeni daktari wa moyo sasa hivi.

Utafiti wa EAST-AFNET 4 huko Ulaya, uliotoka 2020, ulifuatilia wagonjwa 2,789 waliogunduliwa ndani ya mwaka mmoja. Waliorekebishwa mapigo mapema, kwa dawa au kwa kuchomwa sehemu ya moyo inayoleta vurugu, walipata vifo vya moyo, kiharusi na kulazwa kwa moyo 3.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka, wenzao waliopewa matibabu ya kawaida 5.0. Hata wasiokuwa na dalili walifaidika. Chumba cha juu cha moyo kikitetema muda mrefu hutanuka na kupata makovu, na kukirudisha huwa kazi ngumu.

Dawa za kurekebisha mapigo zina madhara, baadhi hupunguza mapigo kupita kiasi, kwa hiyo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifuatiliwe.

Na tafadhali, dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache eti kwa sababu mapigo yametulia. Hiyo ndiyo inayomkinga na kiharusi.