Mkweo hajazeeka ghafla

Mwanangu,

Ujumbe wako umenifikia. Unasema mwezi uliopita mkweo alikuwa akiwasahihishia wajukuu hesabu zao, na sasa jioni anaona wadudu ukutani na kumwita mumeo kwa jina la mtu mwingine, kisha asubuhi anaongea vizuri kama hapakuwa na kitu. Karatasi ya wodini imeandikwa "ensefalopathi". Wifi yako anasema ni uzee, shemeji yako anasema ni kichaa, nawe unaniuliza mimi niliyefanya kazi ya unesi nani yuko sahihi.

Hakuna. Kabla hujauliza ugonjwa unaitwaje, uliza ulianza lini na ulikuja kwa kasi gani. Uzee humpunguzia mtu wepesi tu: jina linakawia kuja, atalikumbuka baadaye akiwa jikoni. Haumvurugi kwa siku nne. Dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, nayo ni ugonjwa, si umri, na kwa kawaida hunyemelea kwa miezi na miaka. Auguste Deter, mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimpokea Frankfurt mwaka 1901 na baadaye ugonjwa ukapewa jina la daktari huyo, alikuwa na miaka 51. Aina hiyo ya dimensia mara nyingi huanzia sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu mpya, ndiyo maana mtu atakusimulia utoto wake wote lakini hajui kama amekula mchana.

Kiharusi huja kwa dakika. Uso unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki. Hapo mkimbize hospitali mara moja, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Ukiulizwa "mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?", usikisie.

La mkweo limekuja kwa siku chache, na linapanda na kushuka. Ensefalopathi ni jina pana, maana yake ubongo mzima unafanya kazi vibaya, na mara nyingi chanzo kiko nje ya ubongo wenyewe. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, kwa hiyo mwili ukiyumba, ubongo huumia mapema. Sukari ikishuka, sodiamu (chumvi ya damuni) ikipungua, ini likishindwa kuondoa sumu iitwayo amonia, figo zikichoka, akili inavurugika. Kwa mzee, maambukizi ya mkojo au nimonia yanaweza kujitokeza kwa kuchanganyikiwa tu, bila homa ya kueleweka. Wapo pia wanaolala kimya mchana kutwa bila kusumbua mtu, na hao husahaulika wodini kwa sababu wanaonekana wametulia. Mkweo ana bahati kwamba anapiga kelele.

Sasa dawa, na hapa nakuomba usione uvivu. Kusanya kila anachomeza: za presha, za kisukari, za usingizi, za maumivu, za mitishamba, na zile za mafua alizojinunulia mwenyewe. Dawa za zamani za mafua na mzio, zile zinazoleta usingizi, huwavuruga wazee sana. Zitie zote kwenye mfuko umpelekee daktari. Usimwambie majina kwa kukumbuka.

Muulize na msaidizi wa nyumbani, kwa upole, kama mama alianguka wiki za karibuni. Kwa mzee, hata kujigonga kidogo kunaweza kuvujisha damu polepole chini ya fuvu, na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Daktari akitaka kupima vitamini B12 na tezi dundumio, ile ya shingoni, asizuiwe kwa hoja kwamba "ni uzee tu". Kauli hiyo imewanyima wengi matibabu.

Ukikaa naye, mvalishe miwani yake, mchana fungua mapazia, usiku acha taa hafifu. Kuhusu wadudu, usibishane naye wala usijifanye unawaona. Mwambie uko naye, mshike mkono.

Umeuliza kama wanao watarithi. Hali hii yenyewe hairithiwi. Na Alzheimer ya kurithi moja kwa moja ni nadra, mara nyingi hujitokeza kabla ya miaka 65.

Sikufichi: chanzo kikitibiwa wengi hupata nafuu, ila kwa mzee inaweza kuchukua wiki nyingi, na wengine hawarudi kikamilifu. Tena aliyepatwa na hali hii huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya dimensia baadaye, kwa hiyo akishapona mrudisheni kliniki apimwe kumbukumbu. Msimpime sasa, maana majibu yatadanganya.

Majibu ya damu yakitoka nitumie, hasa sodiamu. Na uniambie msaidizi amesema nini kuhusu kuanguka.

Mama yako