Maswali na majibu: entropia ya shimo jeusi, kilichopimwa na kisichopimwa

Maswali ya mashimo meusi, yale ambayo hata mwanga ukiingia hautoki, yamekuwa mengi, nimechagua yanayogusa entropia kwa sababu hapo ndipo watu wanapotoshwa zaidi na video fupi fupi. Ombi langu ni lilelile la siku zote: kuna kilichopimwa na mitambo, kuna kilichopigiwa hesabu tu, na kuna kinachotarajiwa. Ukivichanganya hivyo hakuna jibu litakalokusaidia, hata liwe refu vipi.

Swali: Kaka, hivi shimo jeusi linaweza kuja kutumeza?

Hapana. Lililo karibu kuliko yote tunayoyajua, Gaia BH1, liko zaidi ya miaka ya mwanga 1,500 kutoka hapa, na ukiwa mbali nalo linavuta sawasawa na nyota yoyote yenye masi kama yake. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, tafadhali tusilirudie.

Swali: Mwalimu alitufundisha entropia ni vurugu. Sasa shimo jeusi lina vurugu gani wakati kwa nje linaonekana limetulia tuli?

Hilo neno vurugu limeharibu vichwa vya watu wengi sana. Entropia ni kuhesabu. Unauliza, kwa hiki ninachokiona kwa nje, vitu vya ndani vingeweza kupangika kwa namna ngapi bila mimi kuona tofauti yoyote, ukipata idadi unachukua logi yake, basi. Rusha sarafu 10: kupata vichwa vyote 10 kuna namna moja tu, kupata vichwa vitano kuna namna 252, ndiyo maana vitano unaviona mara kwa mara na 10 huvioni, wala hakuna sarafu iliyofanya vurugu. Fomula hiyo imechongwa kwenye kaburi la mwanafizikia Boltzmann pale Vienna, entropia ni k, ambayo ni namba isiyobadilika, mara logi ya idadi ya namna.

Sasa ulete kwenye shimo jeusi uone tatizo lilipo. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein inasema shimo jeusi likishatulia ukilitazama kwa nje unapata vitu vitatu tu, masi yake, mzunguko wake na chaji yake. Mashimo mawili yenye namba hizo tatu sawa huwezi kuyatofautisha kwa lolote. Kwa hesabu ya Einstein peke yake, basi, namna ni moja na logi ya moja ni sifuri, entropia hakuna. Halafu mtu achukue gesi ya moto yenye entropia yake aitupie ndani, ile entropia imekwenda wapi? Kama imefutika basi sheria ya pili ya themodinamiki, ile inayosema entropia yote kwa jumla haipungui, imekufa, na sheria hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikishindwa kwenye kitu kikubwa.

Swali hili mwanafizikia John Wheeler alimpa mwanafunzi wake pale Princeton, Jacob Bekenstein. Mwanafizikia Stephen Hawking alikuwa ameshaonyesha mwaka 1971 kwamba kwa hesabu za Einstein eneo la upeo wa shimo jeusi, yaani ule mpaka ambao ukiuvuka hurudi, haliwezi kupungua, na Bekenstein mwaka 1972, kijana wa miaka 25, akasema hicho kitu kisichopungua ndiyo entropia yenyewe. Hawking hakukubali kabisa na hoja yake ilikuwa nzito: chenye entropia lazima kiwe na joto, chenye joto lazima kitoe mionzi, na shimo jeusi kila mtu anajua halitoi kitu. Mwaka 1974 yeye mwenyewe akapiga hesabu ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa, karibu na upeo, akakuta linatoa mionzi kweli, na kutokana na joto hilo ikapatikana namba ambayo Bekenstein hakuwa ameipata sawasawa, robo. Entropia ni robo ya eneo. Nasisitiza haya kwa sababu kuna vijana wanaogopa kusema wazo lao mbele ya mkubwa, na hapa mkubwa alipinga kwa hoja, mdogo akashika hoja yake, na hesabu ndiyo iliyoamua.

Swali: Kwa nini eneo? Ndoo kubwa inaingiza vingi kwa sababu ya ujazo, siyo kwa sababu ya ukuta wake.

Swali zuri kuliko yote niliyopokea. Kwa vitu vya kawaida uko sahihi, gesi ukiiongezea ujazo mara mbili, kwa joto na mgandamizo uleule, entropia yake inakuwa mara mbili. Shimo jeusi halifuati hivyo, na ndiyo maana lilishtua watu.

Tupige hesabu ya shimo moja tuione kwa macho. Chukua masi ya Jua letu uikandamize mpaka iwe shimo jeusi, nusu kipenyo cha upeo wake kitakuwa karibu kilomita 3, hiyo tunaijua tangu Karl Schwarzschild alipopata jibu la milinganyo ya Einstein mwaka 1916. Eneo la upeo linakuja kama kilomita za mraba 110. Sasa ligawe eneo hilo kwa kipande cha mraba kidogo kabisa tulichopewa na mwanafizikia Max Planck, ambacho upande wake ni mita 1.6 mara 10^-35, halafu chukua robo. Unapata 10^77. Entropia ya Jua kama lilivyo leo, kwa vipimo hivyohivyo, iko kwenye 10^58 hivi. Masi ni ileile, ila lilipogeuka shimo entropia imeruka mara 10^19! Yaani kuna namna nyingi ajabu za kuwa shimo jeusi, wakati uhusianifu ulituambia namna ni moja.

Na itazame fomula yenyewe, entropia ni k mara c^3 mara eneo, gawanya kwa 4 mara G mara h yenye kimstari. Ndani yake kuna k ya themodinamiki, c ya uhusianifu, G ya uvutano na h ya kwanta, zote nne kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana mtu anayetaka kuunganisha uvutano na kwanta lazima apite hapa, akishindwa kuipata ile robo tunajua mapema kuna mahali amekosea. Gerard 't Hooft mwaka 1993 na baadaye Leonard Susskind walikwenda mbele zaidi, wakasema huenda kila kinachotokea ndani ya nafasi kinaweza kuandikwa chote kwenye mpaka wake. Naye Ted Jacobson mwaka 1995 aligeuza mambo, akaanza na entropia kuwa sawia na eneo, akaongeza sheria za joto, ikatoka milinganyo ya Einstein yenyewe. Mimi kwangu hiyo ndiyo hesabu nzuri kuliko zote katika habari hii na inasikitisha haizungumzwi. Inadokeza kwamba uvutano unaweza kuwa kama joto, kitu kinachotokana na wingi wa vitu vidogo tusivyoviona bado.

Swali: Jua letu litakuja kuwa shimo jeusi?

Hapana, masi yake haitoshi, litaishia kuwa kibete cheupe, yaani kiini kidogo cha nyota kinachopoa polepole.

Swali: Yale mashimo mawili yaliyogongana mwaka 2015 tuliambiwa yalipoteza masi 3 za Jua. Kama kitu kimepotea, eneo halikupungua?

Masi ilipungua na eneo likaongezeka, fuata hesabu taratibu utaona. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani ilinasa mawimbi ya uvutano ya mashimo mawili, moja lilikuwa na masi kama 36 za Jua, la pili 29, zikiungana ni 65 lakini lililozaliwa lilikuwa na 62, zile 3 ziliondoka kama mawimbi. Sasa nusu kipenyo cha upeo kinakwenda sambamba na masi, kwa hiyo eneo linakwenda na mraba wa masi. 36 mara 36 ni 1,296, 29 mara 29 ni 841, jumla 2,137. Halafu 62 mara 62 ni 3,844. Lile jipya linazunguka kwa kasi na mzunguko unapunguza eneo kidogo, ukiuingiza unabaki na 3,300 na kitu, bado ni kubwa mno kuliko 2,137. Mtu wa kidato cha pili anaiweza hii, na bado watu wanabishana mitandaoni usiku kucha bila kushika kalamu.

Na hapa tuko kwenye kilichopimwa kweli. Mwaka 2021 kundi la watafiti walirudi kwenye data hizo za 2015 wakakuta eneo limeongezeka kwa uhakika wa asilimia 95, halafu mgongano ulionaswa Januari 2025 ukasikika vizuri zaidi, eneo likatoka karibu kilomita za mraba 240,000 mpaka karibu 400,000. Ila ona vizuri ni nini kilichopimwa hapo: ni eneo kutopungua, yaani uhusianifu wa Einstein. Kwamba eneo hilo ni entropia, mtambo haujasema.

Swali: Vitabu vitakatifu vilishataja mashimo meusi zamani, kwa nini hamsemi?

Maandiko nayaheshimu na ndiyo maana siyabandikii fomula. Fizikia inabadilika, kesho hesabu ikirekebishwa utarekebisha na aya? Viache kila kimoja mahali pake.

Swali: Nadharia ya nyuzi imethibitishwa na mashimo meusi, kweli si kweli?

Si kweli, na nimechoka na hili. Nadharia ya nyuzi ni ile inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Ngoja nieleze kilichotokea kwa sababu ni kikubwa chenyewe bila kutiwa chumvi.

Baada ya Hawking tulikuwa na entropia bila kujua ni nini kinachohesabiwa. Ni kama kuambiwa sarafu zina namna 252 na hujaona sarafu yenyewe. Mwaka 1995 Joseph Polchinski alionyesha umuhimu wa vitu fulani ndani ya nadharia ya nyuzi vinavyoitwa D-brane, ni kama utando ambao ncha za nyuzi zinashikilia. Mwaka uliofuata, 1996, Andrew Strominger na Cumrun Vafa wakajenga shimo jeusi kwa vitu hivyo, wakahesabu namna zote za kuvipanga moja kwa moja, wakachukua logi, ikatoka robo ya eneo. Robo ileile ya Hawking, na hakuna aliyeiingiza kwa mkono! Njia mbili zisizofanana zimefika mlango mmoja. Kama unapenda fizikia hilo halikuachi ulivyokuwa, na wanaobeza nyuzi wakasema ni hadithi tupu nao wanakosea, wasome kwanza hiyo hesabu. Jirani yao, nadharia ya vitanzi, inayosema nafasi yenyewe imefumwa kwa vitanzi vidogo, nayo inapata entropia inayokwenda na eneo lakini ile robo inabidi wairekebishe kwa kuchagua namba moja iwe sawa.

Sasa upande wa pili ambao video haziutaji. Shimo la Strominger na Vafa liko kwenye dimensheni tano, limejaa chaji mpaka mwisho, joto lake ni sifuri, na hesabu inasimama kwa msaada wa ulinganifu mkuu, ule unaodai kila chembe ina mwenzake, na wenzao hao mpaka leo mtambo wa CERN wa kugonganisha chembe haujawaona. Baadaye walifanya na mashimo ya dimensheni nne na yenye joto la karibu na sifuri, lakini shimo la kawaida, kama lile lililo katikati ya galaksi yetu lenye masi milioni 4 za Jua, hakuna aliyelihesabu kikamilifu hivyo. Kwa hiyo sema hivi: nadharia ya nyuzi imefaulu mtihani mgumu wa hesabu. Usiseme imethibitishwa. Na anayekuuzia kozi ya kwanta ya kukutajirisha au kukuponya akikutajia nyuzi na entropia, shika pesa yako uondoke.

Swali: Taarifa zikiingia ndani zinapotea au hazipotei? Hawking si alisema zinapotea?

Taarifa hapa ni yale maelezo yote ya kilichotumbukia ndani. Alisema hivyo mwaka 1976, na mwaka 1997 akiwa upande mmoja na Kip Thorne waliwekeana dau na John Preskill, mwaka 2004 kule Dublin akakubali kushindwa akamkabidhi Preskill ensaiklopidia ya besiboli. Wengi leo wanaamini hazipotei. Don Page alionyesha mwaka 1993 jinsi entropia ya mionzi inavyopaswa kupanda halafu kushuka kama taarifa zinatoka, na mwaka 2019 makundi mawili yalifanikiwa kuupata mkunjo huo kwa hesabu ya uvutano. Ila hesabu inakuambia kiasi tu, haikuonyeshi taarifa zinapita njia gani, hapo bado kazi ipo, na ni kazi ya kalamu na karatasi, haihitaji maabara ya mabilioni. Wanafunzi wa hesabu mnisikie.

Swali: Sasa hayo mionzi ya Hawking si yapimwe tu tumalize ubishi?

Yapimwe kwa kifaa gani? Shimo lenye masi ya Jua lina joto la kelvini 0.00000006 hivi, wakati anga lote limejaa mionzi iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu yenye kelvini 2.7. Kwa hiyo leo hii shimo hilo linapokea joto zaidi kuliko linavyotoa, halipungui hata kidogo, linakua. Ili shimo liwe na joto zaidi ya anga lazima masi yake iwe ndogo kuliko ya Mwezi, na la namna hiyo hatujaliona popote. Kuna waliotengeneza upeo wa kuiga kwenye maabara kwa kutumia sauti ndani ya gesi baridi sana, ni kazi nzuri, lakini hiyo ni sauti ndani ya gesi, haipimi entropia ya shimo lenyewe. Anga likishapoa chini ya joto la shimo ndipo shimo la masi ya Jua litaanza kupungua, na kuisha lote litachukua miaka kama 10^67.