Kwa wanaoanza kupanga uwanja wa baiskeli za BMX mjini Unguja: tangulizeni maji

Vijana wanaoingia kwenye mipango miji, na nyinyi mnaojitolea kwenye kamati za shehia, mara nyingi huja kikaoni na picha ya mbio za BMX, zile za baiskeli ndogo za miruko, kwenye Olimpiki: kilima cha kuanzia chenye kimo cha mita 8, waendeshaji 8 wanashuka kwa pamoja, njia ya karibu mita 400 iliyojaa miruko. Mbio hizo ziliingia Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing, na ni jambo la kupendeza kutazama. Lakini picha hiyo iwekeni kando. Watoto wa Michenzani, Jang'ombe na Mpendae tayari wanazo baiskeli ndogo za tairi za inchi 20, na kila alasiri wananyanyua tairi la mbele katikati ya daladala na bodaboda. Uwanja ni wa hao. Mkianza kwa kumfikiria bingwa, mtajenga kitu ambacho mtoto wa miaka 8 atakiogopa, na mwenye miaka 16 atakitumia bila kujua anachokifanya.

Ushauri wangu ni muanze na njia ya matuta, ile ambayo waendeshaji wenyewe huiita pampu-traki. Ni mzunguko wa matuta ya mviringo yanayofuatana, na kona zilizoinuliwa ukingo wa nje. Mwendeshaji hana haja ya kupiga pedeli. Hukunja mikono na magoti anapopanda tuta, hukandamiza anaposhuka, na baiskeli hupata mwendo kwa nguvu hiyo tu. Kanuni ya kawaida ni kwamba umbali kutoka kilele hadi kilele uwe kama mara 10 ya kimo cha tuta. Tuta la sentimita 35 likae mita 3 na nusu kutoka kwa mwenziwe. Robo ya kiwanja cha mpira inatosha kabisa kuanzia. Na uzuri wake ni kwamba mtoto mdogo hupita polepole, mzoefu huruka matuta mawili kwa pamoja, na wote wamo kwenye njia ile ile.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapowaomba mkae sana.

Mji wetu una mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha vuli mwisho wa mwaka, na pembeni kuna bahari. Mnazi Mmoja palikuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa, na hadi leo bamvua kubwa, yaani maji makuu ya bahari, ikipanda, maji hujitokeza sehemu za chini. Wenyeji mnakumbuka pia Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikigeuka ziwa. Kwa hiyo msichague kiwanja mwezi wa Julai, jua linawaka na kila mahali pamekauka. Nendeni masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa, na kwa sehemu za karibu na pwani nendeni pia siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Waulizeni kina mama wa nyumba za jirani maji yalifika wapi. Watawaonesha alama ukutani, na alama hiyo ina thamani kuliko ramani ya miinuko mtakayopewa ofisini.

Kisha fikirini umbo lenyewe. Kila baina ya tuta na tuta pana bonde, na kila bonde ni bakuli. Njia ikiwa tambarare upande kwa upande, maji yatalala pale, mbu watazaliana, na watu wa mtaa watakuwa na haki ya kulalamika. Ipeni njia mwinamo wa kama asilimia 2 kuelekea upande mmoja, na kila bonde liwe na pa kutolea maji, ama mtaro wazi au bomba. Msichimbe kwenda chini. Sehemu nyingi za mji ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe, na mahali pa chini unakutana na maji. Nyanyueni kiwanja chote kwa kifusi, mshindilie kwa tabaka, halafu ndiyo mchonge matuta juu yake.

Msiweke mchanga kwenye hesabu kama kwamba upo tu. Unguja mchanga umekuwa adimu na uchimbaji wake unasimamiwa na Serikali. Kifusi nacho kina utaratibu wake. Mradi unaoandika "mchanga wa kujazia" bila kueleza unatoka wapi utasimama njiani.

Udongo au lami? Matuta ya udongo ni nafuu, hubadilishwa kwa jembe na sepetu, na vijana hujifunza mengi kwa kuyajenga wenyewe. Lakini masika moja yatayalainisha yote, na kila mvua itataka watu wa kuyarudisha. Mahali pa umma, ambapo hakuna klabu yenye watu wa kudumu, naamini lami ndiyo njia sahihi, hata kama fedha zitatosha nusu ya ukubwa mliotaka. Lami hukauka mapema, na viti vya magurudumu, skuta na viatu vya magurudumu pia hupita juu yake. Rampu za mbao zisahauni kabisa; mvua na jua huzifumua. Vyuma vyote vipakwe zinki, maana hewa ya bahari haina huruma na chuma kitupu.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Anzeni kwa sheha, kisha Baraza la Manispaa, na muulize mapema Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira inataka nini. Mkiwa ndani ya mpaka wa Mji Mkongwe, ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe lazima ihusike. Mimi ningekwenda Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ambako ndiko waliko watoto wengi. Ardhi ni ya Serikali, na uwazi usioandikwa matumizi yake kwenye mpango wa eneo siku moja utapangiwa kingine. Hakikisheni kiwanja chenu kimechorwa humo kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa.

Msichukue kiwanja cha mpira wala uwanja wa sikukuu. Mkimnyang'anya mtu anachokipenda, atauchukia mradi wenu maisha yake yote, na atakuwa na sababu. Tafuteni pembe zilizobaki, pembeni ya skuli au baina ya majumba ya maendeleo, yale magorofa ya Serikali, mahali penye macho ya watu wazima. Kivuli ni muhimu, lakini mti usiwe juu ya njia, kwani majani ya mkungu yaliyolowa huteleza vibaya.

Jambo ambalo vikao vya wanaume watupu hulipita haraka ni watoto wa kike. Wanapenda baiskeli sawa na kaka zao. Waulizeni wenyewe na mama zao, na mtasikia mambo ya kujengwa: ukingo wa miti unaokata macho ya barabarani, saa zao maalumu penye msimamizi mwanamke, na baiskeli za kuazima zenye kifuniko cha mnyororo ili nguo isinaswe. Saa za uwanja zifuate maisha ya mtaa. Asubuhi watoto wako skuli, wengi mchana wako chuoni wakisoma Kurani, kwa hiyo nafasi yao ni alasiri hadi magharibi. Ramadhani mambo huhamia usiku baada ya tarawehe, na bila taa uwanja utakuwa giza wakati watoto wote wako nje.

Mwisho, msimamizi. Awe na mshahara, kibanda kidogo chenye kofia ngumu za kuazimisha, pampu ya upepo, funguo za kukazia breki na sanduku la huduma ya kwanza. Ikiwezekana awe kijana wa mtaa huo huo anayeijua baiskeli, kwa sababu ndiye atakayewaonesha wadogo kwamba wote huzunguka upande mmoja na anayesubiri husimama nje ya njia. Mshahara wake wa miaka miwili ya mwanzo uandikwe kwenye bajeti ileile ya ujenzi, mstari wa juu, kabla ya lami. Mfadhili akiukata mstari huo, punguzeni matuta.