Maswali ya Wasomaji: Kamera Mikononi mwa Wainuiti

Wasomaji kadhaa wametuandikia kuhusu Atanarjuat, filamu inayosimulia kisa cha kale cha Wainuiti, wenyeji wa asili wa nchi za barafu, iliyotengenezwa na watu wa Igloolik, kijiji cha kaskazini ya mbali ya Kanada.

Nasikia wakazi wa Igloolik waliwahi kuikataa televisheni. Imekuwaje wakatengeneza filamu? (Msomaji, Tanga)

Waliikataa kwa kura mara mbili katika miaka ya 1970, kwa sababu vipindi havikuwa vya lugha yao na wazazi walihofia kwamba watoto wangeacha kuwasikiliza wazee. Zacharias Kunuk, mchongaji wa vinyago vya mawe, aliuza vinyago vyake Montreal mwaka 1981 akanunua kamera, akaanza kuwarekodi watu wake mwenyewe. Mwaka 1990 yeye na wenzake watatu walianzisha kampuni ya filamu ya Isuma, na mwaka 2001 filamu yao ya Atanarjuat, iliyoigizwa yote kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuiti, ilitunukiwa Caméra d'Or, tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji, katika tamasha la Cannes, Ufaransa.

Filamu huonyesha utamaduni tu. Inaudumishaje? (Msomaji, Nakuru)

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kabla kamera haijawashwa. Waandishi walianza kwa kuwarekodi wazee wakisimulia kisa cha Atanarjuat, kila mmoja kwa namna yake, ndipo wakaandika muswada. Kwa kuwa kisa chenyewe ni cha zama za kabla ya kufika Wazungu, hapakuwa na vazi wala chombo cha kununua dukani: ngozi za sili na za kulungu wa kaskazini zilibidi zikwanguliwe, zilainishwe na kushonwa, nyumba za theluji zijengwe, na sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu yanayokokotwa na mbwa juu ya theluji, ziundwe kama zilivyoundwa zamani. Fikiria mshono mmoja tu wa viatu vya Wainuiti, ambao sindano hupita katikati ya unene wa ngozi bila kuitoboa hadi upande wa pili, ili maji yasipenye. Ujuzi wa namna hiyo haufundishiki kwa maelezo. Hukaa mikononi, na hurithiwa pale tu panapokuwa na kazi ya kweli ya kufanya. Kwa maoni yangu, mama aliyeshona mavazi hayo anastahili heshima sawa na mwongozaji.

Je, ni halali kubadili hadithi ya mababu? (Msomaji, Unguja)

Katika masimulizi ya kale shujaa huwaua maadui zake. Katika filamu anakataa kuua, na waovu wanafukuzwa. Naamini ni halali, maadamu uamuzi umetoka kwa wenye hadithi yenyewe, kwani hata wasimuliaji wa zamani hawakuisimulia kwa namna moja. Kibaya ni mgeni kuwaamulia.

Na sanaa za jukwaani? (Msomaji, Mwanza)

Zipo. Artcirq, kikundi cha sarakasi na maigizo, kilianzishwa Igloolik mwaka 1998 baada ya vijana kujiua, ili wenzao wapate mahali pa kukutana na kujieleza.

Lugha ikikaribia kufa, filamu inaweza kusaidia? (Msomaji, Bujumbura)

Wahaida wa pwani ya magharibi ya Kanada walijaribu. Filamu yao ya mwaka 2018 iliigizwa kwa Kihaida wakati wasemaji fasaha walikuwa takriban 20 tu. Waigizaji wengi hawakuijua lugha hiyo, hivyo waliwekwa kambini majuma mawili pamoja na wazee, wakirudia kila sentensi hadi matamshi yakubalike.