Kwa Nini Bado Ninacheza Rogue, na Namna ya Kuianza

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza, kwa dhihaka ambayo hakujitahidi kuificha, mtu mzima anapata raha gani katika mchezo wa kompyuta usio na picha wala muziki, ambao shujaa wake ni alama ya @ inayotembea juu ya nukta. Ujumbe huo umenikuta nimetoka juzijuzi tu na Hirizi ya Yendor mkononi, yaani ile hazina ambayo mchezaji wa Rogue huishukia pangoni kuitafuta, kwa hiyo ninamjibu kwa majivuno, na ninadhani nimeyastahili.

Rogue ilitungwa mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Kwa kuwa viwambo walivyotumia vilionyesha maandishi tu, kila zimwi likawa herufi kubwa, kuanzia A hadi Z. Hata hivyo, kinachonirudisha mimi ni kwamba kompyuta hupanga upya vyumba vya pango kila unapoanza, na kwamba ukifa, umekufa. Huwezi kurudi pale ulipohifadhi mchezo ili ujifanye hukufa.

Hirizi hupatikana kuanzia tabaka la 26 la pango, kisha ni lazima upande nayo hadi nje. Kwa muda mrefu niliishia njiani, kwa sababu nilikuwa nikitunza dawa na hati za uchawi kama mahari ya binti. Dawa hutambulika kwa rangi tu, na rangi hizo hubadilika kila mchezo, hata ile ya buluu iliyokuponya jana inaweza kukupofusha leo. Safari hii nilizijaribu zote mapema, katika matabaka ya juu ambako mazimwi ni dhaifu. Kwa hiyo joka, yaani D, liliponitemea moto huko chini nikiwa nimebakiwa na uhai kidogo sana, nilijua hati ipi ingenihamisha chumba kile mara moja. Niliisoma, nikasimama, nikatembea kidogo kuzunguka meza yangu, kisha nikaendelea.

Basi, wewe unayetaka kushinda, jaribu vitu vyako mapema. Ukizidiwa, rudi kwenye ujia, mazimwi yakujie moja moja. Deraya ya ngozi usiitupe, maana haishiki kutu. Na narudia: jaribu vitu vyako mapema! Tumezoea michezo inayotubembeleza, inayotusamehe kila baada ya dakika tano, halafu tunalalamika kwamba ushindi hauna ladha. Ladha itoke wapi, iwapo hukuwa na cha kupoteza?

Anayeona herufi zinamchosha macho aanze na Brogue, mchezo wa aina hiyohiyo wa Brian Walker, uliotoka mwaka 2009. Ni wa bure, una rangi nzuri, na hirizi yake nayo iko tabaka la 26.