Mwanangu, kuhusu nyota ya Zuhura

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza jambo fupi tu: ukimnunulia binti yako Zuhura jina la nyota, ile zawadi ya kuletewa cheti na ramani, kwa siku yake ya kutimiza miaka minane Agosti hii, je, nyota hiyo itakuwa yake kweli? Ukasema mkeo ameipenda sana fikra hiyo, ila wewe unaogopa kutapeliwa.

La utapeli nitalimaliza upesi. Wanaouza majina ya nyota huyaandika katika daftari lao wenyewe. Unalipa, wanachagua nyota, wanakutumia cheti kizuri chenye tarakimu za mahali ilipo angani. Hakuna mtu mwingine anayelazimika kulifuata daftari hilo. Kampuni nyingine inaweza kumwuzia mgeni nyota hiyo hiyo kesho, na kila mmoja akatundika cheti chake ukutani. Wenye kutambulika katika kazi ya kuzipa nyota majina ni Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioanzishwa mwaka 1919, nao hawauzi jina hata moja. Mwaka 2016 waliunda kamati ya kuyaweka sawa majina ya nyota, mengi yakiwa ya zamani yaliyotoka katika Kiarabu. Nyota zilizobaki zina herufi na namba basi. Muuzaji akikwambia wazi kwamba ni kumbukumbu tu, hajakuibia. Akikwambia ni rasmi, amekudanganya.

Hilo ndilo jibu lako. Lakini lililoninyima usingizi ni jingine. Mtoto huyo atatoka nje usiku ameshika cheti chake, atainua uso, atauliza, "Baba, iko wapi?" Utamwonyesha nini? Anga lote la dunia, kusini na kaskazini, macho matupu huona nyota kama elfu sita hivi. Chombo cha anga za juu kinachoitwa Gaia kimeorodhesha karibu bilioni 1.8. Zinazouzwa kwa kawaida hutoka katika hizo hafifu, za kutafutwa kwa darubini. Zile zinazong'aa zina wenyewe tangu zamani.

Unajua Bibi yako alifariki nikiwa na miaka tisa, Novemba 1976. Unajua pia kwamba siku hiyo kila mwaka sisemi na mtu hadi jioni, na ninyi mmezoea kuniacha. Ambacho sijawahi kukusimulia ni cha usiku wa baada ya mazishi. Nyumba ilijaa watu, nikatoka nje, nikaona upande wa mashariki, karibu na Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, nyota kubwa nyeupe iliyotulia, haimetimeti kama wenzake. Sikumbuki kuiona kabla ya siku hiyo. Nikaamua papo hapo kwamba ni yeye. Nikaiita Mama. Sikumwomba mtu ruhusa. Kila usiku nikawa natoka kuisalimu na kuieleza ya siku nzima: nani kanisuka, nani kanipiga darasani, Baba kala au hakula.

Jina ni kuitwa, mwanangu. Haya nimekuwa nikiwaambia tangu mkiwa wadogo, mkidhani nasema kuhusu adabu ya kuitika.

Basi nyota yangu ikaanza kutembea. Januari niliiona imerudi nyuma, imekiacha Kilimia. Machi ikakiendea, Aprili ikakipita. Nikaogopa, nikamweleza Mama yako Mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na minne na ndiye anayetupikia sote. Akanijibu huku anakoroga chungu, "Hiyo si nyota. Ni Mshtarii, sayari. Sayari haina kwao." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtoto aliyefiwa kama mimi, na amechoka kuliko mimi. Lakini hadi leo, nikisikia neno hilo, sayari haina kwao, kuna mahali panaguswa.

Mwishoni mwa Mei haikuonekana kabisa. Imemezwa na mwanga wa jua la machweo, sasa najua. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba Mama amefariki mara ya pili na safari hii hakuna aliyekuja kulia nasi. Nikaacha kutoka nje. Sikumwambia mtu.

Babu yako hakuwa mtu wa maneno, hilo unalikumbuka vizuri. Mwishoni mwa Julai akaniamsha alfajiri, kungali giza, akanibeba begani na blanketi langu ingawa nilikuwa mkubwa wa kutobebwa. Nje, mashariki, juu ya mstari wa ardhi, kulikuwa na nyota mbili zimekaribiana mno, moja inang'aa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona usiku. Akasema, "Ile kubwa ni sayari ya Zuhura. Mama yako ni huyo wa pembeni yake. Amerudi."

Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba alianza kuamka alfajiri tangu Juni, peke yake, kuingoja. Alimwuliza mtu anayejua mambo ya anga, akaambiwa itatokea upande wa pili. Hakutaka kunipa ahadi kabla hajaiona kwa macho yake.

Sasa unajua kwa nini ulipopata binti nikang'ang'ania jina la Zuhura, mkeo akidhani ni ukaidi wa mama mkwe.

Mshtarii huchukua karibu miaka kumi na miwili kulizunguka jua. Kwa hiyo nimemkuta Mama karibu na Kilimia mwaka 1988, nina miaka ishirini na mmoja. Nikamkuta tena 2000, na wewe ulikuwa na miaka kumi, ukaja ukasimama ubavuni kwangu na kuuliza, "Mama, unamtazama nani?" Hukusema unatazama nini. Ulisema nani. Nikakujibu hakuna, rudi ulale. Jibu hilo limenikera miaka yote hii kuliko nilivyopata kukuonyesha. 2012 nikamkuta, na 2024 pia, ila kila akirudi huwa amesogea mbele kidogo, maana hiyo miaka kumi na miwili haitimii kamili. Safari ya mwisho alikuwa amekipita Kilimia vizuri.

Kwa hiyo unaniuliza kuhusu jina la kununua, nami nakaa hapa kutaka kukwambia usinunue. Lakini kila nikiianza sentensi hiyo, nafsi yangu inanikatiza. Mimi nilikuwa na haki gani juu ya Mshtarii? Hata daftari sikuwa nalo, wala kalamu. Niliipa sayari nzima jina la mtu mmoja na sikumlipa yeyote. Ikiwa jina ni kuitwa, basi hata nyota ya cheti, mkiiita kila usiku wewe na mwanao, itakuwa na jina.

Kuna kisa cha mwanaanga wa Marekani, Gus Grissom. Jina lake la kati lilikuwa Ivan. Katika orodha ya nyota za kuongozea vyombo vya Apollo, vile vya safari za mwezini, alipenyeza neno Navi, yaani Ivan likisomwa kinyumenyume, akaipa jina hilo nyota moja ya kundi la Cassiopeia. Ulikuwa utani. Januari 1967 akafa kwa moto pamoja na wenzake wawili, wakifanya majaribio ndani ya chombo wakiwa bado ardhini. Wenzao waliobaki hawakuifuta Navi. Waliendelea kuitumia kutafuta njia. Hapakuwa na kamati iliyoipitisha, bali watu waliokuwa wakimtamka mwenzao kila wanapopima mwelekeo. Nikikikumbuka kisa hicho nalegea, nasema mwache kijana anunue.

Kisha nakumbuka ile Mei, nalegea upande wa pili. Maana cheti kitamwambia mtoto kwamba nyota ni yake, na hakitamwambia kwamba hataiona. Atakuja kulijua hilo peke yake, usiku mmoja, na huenda asikwambie.

Sikukatazi. Nimejizuia hapa mara mbili kulisema neno lenyewe, na ninajizuia tena. Wewe ni baba yake, na mkeo amelitamani jambo hili kwa mapenzi, si kwa majivuno. Mkinunua, mweleze mtoto kweli yote ya daftari na darubini siku hiyo hiyo, msingoje akue.

Ila kuna jambo moja nataka ulifanye, ununue usinunue. Jioni ile aliyozaliwa, Agosti 2018, uliponipigia simu nilitoka nje na simu sikioni, na Zuhura wa angani alikuwa magharibi, anang'aa, jua limetoka kuzama. Sasa sikia: Zuhura hulizunguka jua mara kumi na tatu katika muda ambao dunia huzunguka mara nane, karibu sawasawa. Kila baada ya miaka minane hurudi palepale, tarehe ileile, tofauti ni siku mbili tatu. Kwa hiyo jioni ya kutimiza miaka minane, mjukuu wangu akitazama magharibi atamkuta wajina wake pale alipokuwa siku aliyozaliwa. Hahitaji darubini. Na kila anayesema lugha yetu tayari anamwita hivyo.

Halafu mwambie mapema, mwanangu, usisahau hili: mwambie kwamba mwezi wa Oktoba Zuhura wa angani atapotea, amezwe na mwanga wa jua kama Mshtarii wangu. Mwambie kabla hajapotea. Na Novemba uamke alfajiri, siku chache peke yako kwanza, uangalie mashariki, na ukishamwona ndipo umwamshe mtoto.

Jioni ya siku yake nipigie mkiwa nje. Nami nitakuwa nje.

Mama yako