Maswali ya Wasomaji: Talaka na Grini Kadi ya Miaka Miwili

Swali: Niliolewa Mombasa na mume mwenye uraia wa Marekani, nikaja Ohio pamoja na mwanangu wa miaka 12, ambaye si wa mume huyo. Kadi zetu ni za miaka miwili, zimebakiza miezi mitano. Mume amehama, ameniacha kwa simu imamu akisikiliza, na anatishia kuwaandikia Uhamiaji wazifute. Nirudi nyumbani kabla sijafukuzwa?
*Mama, Columbus*

Jibu: Usiondoke, dada. Mumeo hana uwezo wa kufuta kadi. Barua anaweza kuandika, na ofisa anaweza kukuuliza juu yake, lakini ukaazi ulipewa na serikali, na ni serikali pekee inayoweza kuuondoa kwa utaratibu wake. Kitakachokuponza ni kukaa kimya tarehe ikupite.

Itazame kadi yako: imeandikwa CR1, na ya mwanao CR2. Ni kadi yenye masharti, hutolewa pale ndoa inapokuwa haijatimiza miaka miwili siku ya kupata ukaazi. Kuondoa masharti, mume na mke hujaza fomu I-751 pamoja katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Aliyeachika hujaza fomu hiyohiyo peke yake, bila saini ya mume, kwa kuchagua kipengele cha ndoa iliyofungwa kwa nia njema ikavunjika kwa talaka. Huyu hazingoji hizo siku 90. Akishika hukumu mkononi, anapeleka.

Kwenye hukumu ndipo wengi wetu hukwama. Talaka ya simu unaweza kuihesabia eda, lakini mbele ya Uhamiaji bado wewe ni mke wa mtu. Inatakiwa hati ya mahakama ya jimbo, ya mwisho, si ya kutengana tu. Ukiwa umeshakaa Ohio miezi sita, fungua kesi wiki hii. Kila karatasi isome kabla ya kutia saini: kama mahakamani mmesema mlitengana Januari na fomu yako inasema Juni, ofisa ataziona tarehe zote mbili. Na usikubali kamwe, eti ili kesi iishe upesi, kuandikiwa kwamba hamkuwahi kuishi pamoja. Sentensi hiyo moja inaweza kuubomoa ushahidi wako wote.

Hukumu ikichelewa huku kadi inakaribia kuisha, mshirikishe wakili wa uhamiaji. Unaweza kupeleka fomu na uthibitisho kwamba kesi iko mahakamani. Uhamiaji watakuandikia wakidai hati ya mwisho, na muda wa kujibu hauzidi wiki 12. Kama kulikuwa na kipigo au mateso, mwambie wakili mapema, kwani kipo kipengele kingine kisichongoja talaka.

Sasa ushahidi. Picha za harusi pekee ni nyepesi. Kinachobeba uzito ni maisha ya kila siku: kodi ya mapato mliyoiwasilisha pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, taarifa za benki za miezi mingi zinazoonyesha mshahara ukiingia na bili ya umeme ikilipwa, bima aliyokuandikisha, hata fomu ya shule ambamo yeye ndiye wa kupigiwa simu mtoto akiugua. Wanaokuandikia barua za ushahidi wataje siku na mambo waliyoyaona kwa macho. "Walipendana sana" haisaidii. Hati ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza na tamko la mfasiri lililosainiwa.

Mwanao, kama alipata ukaazi siku moja nawe au ndani ya siku 90, anaingia kwenye fomu yako. Akiwa alikuja baada ya hapo, anahitaji yake. Ada ni dola 750 tangu Aprili 2024, lakini hakikisha tena siku unayotuma. Risiti utakayopata huongeza uhai wa kadi kwa miezi 48. Itunze pamoja na kadi iliyoisha. Ukihama, toa taarifa ya anwani ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, kwa sababu wito wa usaili ukipotea na wewe usitokee, ombi linaweza kukataliwa.

Njia ya uraia ya miaka 3 kupitia mume imefungwa. Utasubiri 5, ikihesabiwa tangu siku ulipopata ukaazi.

Swali: Mume wangu alishinda bahati nasibu ya viza, tukaingia pamoja, kadi yangu ni ya miaka 10. Tukiachana nitaipoteza?
*Msomaji, Minneapolis*

Jibu: Hapana. Ndoa ilikuwa ya kweli mlipoingia, basi kadi ni yako, na kuifanya upya kwa fomu I-90 hakuhitaji mume. Wenye hatari ni wake wa wanafunzi (viza ya F-2) na wa wafanyakazi (viza ya H-4): hukumu ya talaka ikitoka, hadhi yao huisha nayo. Wao waombe hadhi nyingine kabla jaji hajasaini.